Zamu ya Konokono

Samaki akiona chakula hamsubiri mtu. Chenga zikigusa maji tu, guppy wamezipokea juu kabla hazijalowa, na zile zinazoponyoka zinadakwa zikiwa njiani kushuka. Konokono wa tangi hilohilo ndiyo kwanza ananyoosha pembe. Amepata harufu, anageuka, anaanza kutambaa. Akifika, anakuta mchanga mtupu. Wafugaji wengi huona dawa yake ni kuongeza chakula. Kumbe kinachoongezeka ni uchafu: mabaki yanaoza, yanatoa amonia, na amonia inaua samaki.

Kuna mwalimu mmoja mstaafu, hapa Nairobi, ambaye napenda kwenda kumtazama akilisha. Yeye anashughulika na saa na mahali. Wingi wa chakula haumshughulishi. Jioni, taa ya tangi ikiwa bado inawaka, huwapa samaki upande wa kulia, kidogo kidogo, mpaka pupa iwaishe. Kambare wadogo wa chini hupata kidonge chao nyuma ya gogo. Kisha anazima taa na kwenda zake jikoni. Huko anakata kipande cha tango, anakipitisha kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja au mbili ili kilainike na kizame, anakiacha kipoe. Guppy wakishatulia gizani, anakichoma kipande kwa uma na kuushusha uma mzima kwenye kona ya kushoto. Uma ndio uzito, na ndio mpini wa kukitolea asubuhi. Madukani kuna vifaa vya kazi hiyo, vingine vya bei. Sijaona hata kimoja kinachoushinda uma.

Asubuhi kilichobaki kinatoka, hata kama kimeguswa pembeni tu. Hapo nimemsikia akiwaambia vijana wanaokuja kujifunza kwake, "Asiyekula leo atakula kesho, lakini maji yakioza leo, kesho hakuna." Konokono wadogo wanaoingia na mimea ya dukani ndio kipimo chake. Wakianza kujaa kila kioo, hawasaki, hawawekei sumu. Anapunguza chenga, kwa kuwa wingi wao unamwonyesha kuwa mabaki yapo mahali.

Tango lenyewe karibu lote ni maji, kwa hiyo halimtoshi konokono. Siku nyingine ni mchicha, siku nyingine karoti au jani la sukuma wiki. Mara mojamoja anatumbukiza jani kavu la mkungu, ambalo huletewa kutoka Mombasa. Hilo haliondolewi asubuhi. Linakaa likilainika, linashika utando, na konokono wanalila pole pole mpaka ibaki mishipa. Jani moja tu kwa wakati, maana linayavuta maji kidogo kuelekea uchachu, na uchachu ni adui wa gamba.

Lakini ufundi wake nauona zaidi kwa konokono ambaye hali tango kabisa. Ana wawili watatu wenye milia myeusi na ya manjano, Vittina natalensis, ambao asili yao ni mikoko ya pwani yetu hii, kuanzia Somalia hadi Afrika Kusini. Hao riziki yao ni utando wa kijani. Ulimi wao una safu za meno madogo mno, na wanapopita kwenye kioo wanaacha mchoro wa upindoupindo kama ukili. Kwa ajili yao Mwalimu hufuta kioo cha mbele tu. Vya pembeni na nyuma ni shamba. Na shamba likiisha, ana akiba: mawe laini ndani ya chupa ya maji, dirishani, yakipigwa na jua mpaka yaote kijani. Jiwe moja linaingia tangini, lililokwanguliwa linarudi chupani. Mgeni anaweza kudhani ni uvivu wa kuosha chupa.

Konokono wake wakubwa wa manjano, wa jenasi Pomacea, asili yao Amerika Kusini, wanakula kila kitu na kutaga vichala vya mayai juu ya maji, chini ya kifuniko. Vichala hivyo huvibandua na kuvigandisha kwenye friji kabla ya kuvitupa. Ukali huo naukubali. Ndugu wa konokono hao, Pomacea canaliculata, aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea mwaka 2020, na anaitafuna miche hadi leo.

Baada ya yote hayo kuna chokaa. Maji ya Nairobi, yatokayo mito ya Aberdare, ni laini. Hayana chumvi za kutosha kujenga gamba kama maji ya kisima kilichochimbwa kwenye mwamba wa matumbawe kule pwani. Kwa hiyo kuna kipande cha mfupa wa ngisi chini ya gogo, na maganda ya mayai yaliyopondwa. Mwalimu huangalia ukingo wa gamba, pale linapoendelea kukua. Ukingo ukiwa mpana na mgumu, anaacha mambo yalivyo. Ukiwa mwembamba, wenye mikwaruzo myeupe, wengine wangeleta tango la pili. Yeye anapima kwanza uchachu wa maji, kisha anaongeza mfupa.