"Kupiga Soga": Kosa la Mwanafunzi au la Mwalimu?

Katika insha za wanafunzi wetu wa Kigali hutokea sentensi kama hii: "Jioni babu hukaa barazani akipiga soga na jirani zake." Aghalabu mwalimu huyakata maneno "akipiga soga" kwa wino mwekundu, akaandika juu yake "akizungumza". Kwa maoni yangu sahihisho hilo ni kosa, na yafaa tulijadili.

Kuzungumza ni neno pana. Meya huzungumza na wananchi, mwalimu huzungumza na wazazi, na shughuli ikiisha kila mtu hushika njia yake. Apigaye soga hana shughuli ya kumaliza. Azungumza ili akae na wenzake. Gumzo lakaribiana na soga, ila laweza pia kuwa lile jambo lenyewe lisemwalo na wengi, kama tusemapo kuwa bei ya sukari imekuwa gumzo la mji. Porojo nayo ina lawama ndani yake: ni maneno matupu, pengine ya uongo. Mwanafunzi aandikaye kuwa babu yake "hupiga porojo" amemvunjia mzee heshima pasipo kujua. Hapo ndipo wino mwekundu unapohitajika.

Ugumu wa mtoto wa Kinyarwanda waeleweka. Kwao kitenzi kuganira chatosha kwa mazungumzo rasmi na ya starehe pia. Tena "kupiga" kwake ni gukubita, naye huuliza ni nani anayepigwa. Tumwoneshe basi kupiga pasi, kupiga simu na kupiga magoti, aone kuwa kitenzi hiki hubeba kazi nyingi zisizo na fimbo.

Wako wasemao kwamba, kwa kuwa Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, shule ifundishe lugha rasmi tu. Wanasahau kilikotoka. Kabla ya sheria ile, Kiswahili kiliishi kwa miongo mingi katika mitaa ya Biryogo na Nyamirambo, sokoni na miongoni mwa madereva, kwa watu ambao wengi wao hawakukisoma darasani. Soga ndizo zilizokihifadhi. Tukiwafundisha vijana kuzionea haya, tutawapa lugha ya kuandikia barua, nao watashindwa kuamkiana na muuza chai.

Sisemi kila neno lifae kila mahali. "Kupiga stori" ni usemi wa vijana. Wafaa katika mazungumzo yao ndani ya hadithi, haufai katika barua kwa mkuu wa shule. Kabla ya kukata neno, mwalimu ajiulize: nani asema, na nani, na wapi? Na wanafunzi wa Kigali wasiishie kitabuni. Wapelekwe Nyamirambo jioni moja, wasikilize kwa adabu, kisha waandike waliyoyasikia.