Gitaa Kavu na Mfuko Mtupu

Jioni moja ya mwezi wa sita, spika ya duka lililo jirani na kituo cha mabasi hapa Kiranjeranje iliishiwa chaji. Tangu mchana ilikuwa ikitutwanga muziki wa kila namna, hata basi la kwenda Lindi liliposimama, abiria walilazimika kutoa vichwa dirishani na kupaza sauti ili waulize bei ya korosho. Iliponyamaza, kijiji kizima kilionekana kimeshusha pumzi. Ndipo tukasikia gitaa. Kumbe lilikuwa likilia muda wote huo chini ya mwembe, hatua chache kutoka kwetu, ila halikuwa limepewa nafasi.

Mpigaji alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, ameketi juu ya gunia la ufuta ambao haujaenda mnadani. Gitaa lenyewe lilikuwa kavu, halina waya wala haja ya umeme, ubavu wake umeungwa kwa gundi ya seremala. Akaanza "Malaika". Hakuna aliyepiga makofi wala vigelegele. Watu waliacha tu walichokuwa wakifanya. Mama anayekaanga chapati aliigeuza moja akaisahau, mpaka harufu ikamkumbusha.

Wimbo huo nimeusikia harusini, hotelini, redioni na kwenye simu za watu, na nilidhani nimeshaumaliza. Jioni ile niligundua kwamba sikuwa nimewahi kuusikiliza kama kazi ya fundi. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: ni ufundi gani huu, unaomfanya mtu mmoja mwenye nyuzi sita awashinde watu wenye spika?

Sauti iliyoueneza ni ya Fadhili William, mwana wa Taita, Kenya, aliyeurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim, na kwamba aliutunga mwaka 1945. Ugomvi huo haujaisha, na wote wawili wameshatangulia. Ninachokipenda katika habari hii ni mahali wimbo ulikopitia. Studio za Equator Sound, ambako Fadhili alifanya kazi, zilikuwa jiko la twisti. Huko ndiko akina Daudi Kabaka walikopikia muziki wa kuvunja viuno, wa viatu kusaga sakafu. Katika jiko hilo la moto mkali ukatoka wimbo unaochemka taratibu, na ndio ulioishi kuliko yote.

Bendi inayojua kupiga kwa nguvu ikiamua kupiga polepole, hapo ndipo unapoujua uwezo wake. Katika kundi zima kila chombo kina mwenzake wa kumsitiri. Solo ikiteleza, besi ipo. Besi ikichelewa, tumba inaifunika. Mwimbaji akisahau ubeti, tarumbeta zinaingia mapema kidogo na wachezaji hawajui lolote. Gitaa kavu halina pa kujificha. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinachukua solo, na ridhim inazaliwa yenyewe pale viwili hivyo vinapopishana. Mkono mmoja unafanya kazi ya watu watatu, na ukikosea, hata mtoto anayepita na ndoo ya maji anajua.

Wazee wa zamani waliyaita magitaa hayo galatoni, kwa jina la Gallotone, yaliyokuwa yakitengenezwa Afrika Kusini na kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kibarua angeweza kuifikia akijibana. John Lennon wa Liverpool naye alianzia kwenye Gallotone. Kwa hiyo wakati vijana wa Uingereza wanajifunza roki, na vijana wa mwambao na bara wanajifunza kubembeleza, mbao walizokumbatia zilikuwa za aina moja, tena za bei nafuu. Tofauti ilitokana na walichokuwa nacho vidoleni na mdomoni.

Na mdomoni sisi tulikuwa na Kiswahili. Mtunzi wa wimbo wa taratibu kwa lugha hii amepewa zawadi ambayo wengi hawaioni: maneno yake karibu yote yanaishia na irabu. Sauti haigongi ukuta mwishoni mwa neno. Inapata kibaraza cha kupumzikia. Lakini zawadi hiyo ina masharti. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtunzi asiyeliheshimu hilo huangusha pigo zito mahali pasipo pake, wimbo ukasikika kama mgeni anayejifunza kusalimia. Lichukue neno malaika lenyewe. Katikati yake irabu mbili zinashikana mikono, moja pana na moja nyembamba, na hapo ndipo sauti inapovutwa, ikapanda, ikakaa, kisha ikashuka kwenye silabi ya mwisho kama mtu anayeteremka ngazi bila haraka. Mtunzi hakulilazimisha neno lifuate tuni. Alilitegea sikio, akasikia tuni iliyokwishalala ndani yake, akaiamsha.

Kisha hesabu maneno ya wimbo. Ni machache kiasi kwamba mtoto anayashika kwa siku moja. Kijana anapenda, anataka kuoa, mfuko hauna kitu. Anamfananisha mpenzi na malaika, baadaye na ndege mdogo, na zaidi ya hapo hana pambo. Hakuna macho kama nyota, hakuna shingo ya twiga, hakuna ahadi ya gari. Mtunzi mchanga angejaza beti kumi za sifa. Huyu alizitupa zote akabakiza aibu moja, ile ya mwanamume mzima kukiri mbele ya ampendaye kwamba pesa imemshinda.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha ufundi wenyewe: umbo la wimbo ni ushahidi wa maneno yake. Ukiimba kwamba huna mahari huku nyuma yako wamesimama wapuliza tarumbeta wanne wenye suti, msikilizaji wa Kiranjeranje atauliza, "Hao nani kawalipa?" Gitaa kavu halina deni la kujibu. Mwimbaji amekuja na alicho nacho, mbao, nyuzi na koo, na upungufu wa vyombo unathibitisha upungufu wa mfuko. Ukimya baina ya noti na noti ni sehemu ya maelezo. Ndiyo nafasi ambamo ng'ombe, mablanketi na fedha za posa zilipaswa kuwapo.

Huku kwetu jambo hilo halihitaji mfasiri. Posa za vijana huhesabiwa kwa misimu. Mtu hasemi "mwezi wa nane". Husema "ufuta ukitoka". Ufuta unavunwa, unafungwa magunia, unapelekwa ghalani, unasubiri mnada, na moyo wa mtu unasubiri pamoja nao. Bei ikisomwa nzuri, mwaka huo ngoma za harusi hazilali. Ikisomwa mbaya, kuna msichana atakayeambiwa avute subira, na kuna msichana atakayechoka kuivuta. Yule kijana juu ya gunia hakuwa akiimba kuhusu Nairobi ya zamani. Alikuwa amekalia mahari yake.

Wimbo uliosimama kwa mifupa yake mwenyewe unaweza kuvishwa nguo yoyote. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika albamu yao ya mwaka 1965. Mwaka 1967 bendi ya roki ya Sweden, Hep Stars, iliyozoea kuwapagawisha vijana kwa magitaa ya umeme, ikauimba kwa Kiswahili, ukawa miongoni mwa nyimbo zao zilizovuma. Mpiga kinanda wao, Benny Andersson, baadaye akawa mmoja wa kundi la ABBA. Boney M. waliuvisha disko mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akaupa sauti yake muongo mmoja baadaye. Nimezisikia nyingi kati ya hizo. Kila moja ina uzuri wake, lakini vyombo vinapozidi, yule kijana fukara anageuka mtu wa kupendeza tu, na masikitiko yake yanakuwa manukato. Hep Stars angalau walijua kushusha sauti. Watu waliozoea kelele, walipofika kwenye wimbo huu, waliingia kama mtu anayevua viatu mlangoni.

Kuna sababu nyingine ya kulifikiria gitaa nikiwa hapa. Ukiiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi, ukashika njia ya Nanjirinji inayoelekea Ruangwa, unaingia katika nchi ya mpingo. Asiyeujua mti huo ataupita bila kuugundua. Ni mfupi, umepinda, una miiba, umetoa mashina kadhaa kama familia iliyogombana. Moto wa kiangazi umeulamba mara nyingi. Ganda lake halina mvuto na chini yake pana tabaka jembamba la ubao mweupe lisilo na kazi kubwa. Weusi uko ndani. Ubao huo ni mzito, ukiutupa majini unazama, na msumeno ukiugusa huhitaji kunolewa mara kwa mara. Mti huchukua miaka 70, 100 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa, na ukishakatwa hukaushwa polepole, ncha zake zikizibwa kwa nta ili usipasuke. Kutoka kwenye gogo zima, kinachofaa kutengenezea klarineti au obo ni kipande kidogo. Kilichobaki ni vumbi na kuni. Mafundi wa magitaa nao huupenda kwa ubao wa vidole, pale nyuzi zinapobanwa.

Sijui mfano bora wa utunzi wa wimbo wa mapenzi kuliko huo. Fundi haongezi kitu kwenye mpingo. Anaondoa ganda, anaondoa weupe, anaondoa mpasuko na fundo, hata akifika mahali ambapo hakuna tena cha kuondoa bila kuharibu. Maneno machache ya "Malaika" yana uzito wa aina hiyo. Ukiyatupa majini, yanazama.

Kwa miaka mingi magogo yaliondoka huku kwetu Kilwa na wenye msitu wakabaki na visiki. Hata jina la Wamachinga, wenyeji wa huku, limesafiri likawa jina la kila mchuuzi wa barabarani nchini, wala halijawahi kurudi na chenji. Wimbo nao ulizunguka dunia huku wanaoudai wakigombana nani ni baba yake na nani ale jasho lake. Ila kwenye msitu kuna kilichobadilika. Sheria ya Misitu ya 2002 iliwapa wanakijiji njia ya kumiliki misitu yao, na mwaka 2009 vijiji vya Kilwa, Kikole kikiwa miongoni mwao, vilipata cheti cha kimataifa cha FSC kwa kuutunza na kuuvuna mpingo kwa kipimo. Leo mti unahesabiwa kabla haujakatwa, na kijiji kinajua kimeuza nini. Watunzi wetu wa nyimbo wangestahili daftari kama hilo.

Kijana alipomaliza, nilisogea. Akaanza yeye.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gitaa umelitoa wapi?"

"La kaka. Alipokwenda Dar aliliacha. Kidaraja hiki kilikuwa kimevunjika, nyuzi zinalala chini. Babu mmoja anayechonga akanikatia kipande cha mpingo, akakipiga tupa siku nzima."

Nikainama kukitazama. Kilikuwa kipande cheusi kisichozidi kidole, kimekatwa mifereji sita myembamba, na juu yake ndiko nyuzi zote zilikopita.

"Kinalia?"

"Kinalia kuliko kile cha dukani."

"Na gunia?"

Akacheka, akalipapasa kama anavyopapasa gitaa. "Tunasubiri mnada, mzee."

Akaanza tena kutoka mwanzo, safari hii polepole zaidi. Muuza duka akatokeza mlangoni na spika yake, imejaa chaji, kidole tayari kwenye kitufe. Mama wa chapati akamtazama, hakusema neno. Akairudisha ndani.