Wimbo Tuupendao na Hadithi Tuliyoifupisha

Jumatano ya kwanza ya mwezi, katika ushirika wetu wa jioni, kila mmoja hupewa nafasi ya kutaja wimbo aupendao na kueleza ulikotoka. Ni desturi njema. Wimbo unaotajwa kuliko zote ni "Amazing Grace", na hadithi yake husimuliwa vilevile kila mara: John Newton, nahodha wa meli ya watumwa, alipatwa na dhoruba, akamlilia Mungu, akaiacha biashara ile, akautunga wimbo. Tunaitikia amina, tunaimba, tunakwenda nyumbani.

Sivyo ilivyokuwa. Dhoruba ilimpata Machi 1748. Wakati huo hakuwa nahodha, wala meli ile haikubeba watumwa. Alimlilia Mungu kweli, na siku ile hakuisahau hadi kufa. Lakini ni baada ya hapo alipopewa unahodha. Kati ya 1750 na 1754 aliongoza safari tatu za kuchukua watu Afrika Magharibi na kuwavusha bahari wakauzwe. Juu yeye alisali. Chini watu walifungwa minyororo. Kilichomtoa baharini 1754 ni ugonjwa wa ghafla. Akawa kasisi mwaka 1764, na wimbo huu aliuandaa kwa ibada ya Mwaka Mpya, 1 Januari 1773, katika mji mdogo wa Olney, Uingereza. Kijitabu chake cha kuilaani biashara ile na kuungama sehemu yake mwenyewe kilitoka 1788, miaka 34 tangu aiache.

Tukiuimba wimbo tukiyajua haya, tunauona uzuri wake na upungufu wake. Uzuri ni kwamba mwimbaji hajipambi. Hatafuti kisingizio, hamlaumu mtu, na maneno yake ni mepesi kiasi kwamba mtoto na mzee huyaimba pamoja. Upungufu ni kwamba toka mwanzo hadi mwisho anayesemwa ni yule aliyesamehewa. Aliyekosewa hayumo.

Mama mmoja kanisani kwetu, ambaye wazee wake walikombolewa kutoka majahazi ya watumwa wakapewa makao Frere Town, Mombasa, alisikiliza hadithi hii nzima, kisha akauliza: "Na wale wa chini melini, wao waliimba nini?" Hatukuwa na jibu. Jumatano ile tulikaa kimya kitambo kabla ya kufunga kwa sala.

Je, tuuache wimbo? Hapana. Tunachopaswa kuacha ni kuifupisha hadithi. Tulipoifupisha, tulijifanyia toba iwe jambo la usiku mmoja: mtu analia, anainuka, mambo yamekwisha. Zakayo hakuishia kufurahi kwamba Bwana ameingia nyumbani kwake. Aliwakumbuka aliowadhulumu, akaahidi kuwarudishia mara nne. Newton alichelewa sana kufika hapo, lakini alifika. Alipokuwa mzee alisimama mbele ya wachunguzi wa serikali akaeleza aliyoyaona na kuyatenda, na akamtia moyo kijana William Wilberforce asiondoke bungeni. Bunge la Uingereza lilipiga marufuku biashara ile mwaka 1807, na Newton akafariki Desemba mwaka huohuo.

Nasi tuna shuhuda zetu. Tunasimama tukieleza tulivyookoka, siku na saa, huku mpaka wa shamba la mjane tuliousogeza ukiwa palepale, na mshahara wa msichana wa kazi haujalipwa. Tukiulizwa, tunasema ya kale yamepita. Kwetu yamepita, kwake bado.

Basi Jumatano ijayo tuuimbe tena wimbo wa Newton, kwa sauti ileile. Ila hadithi yake tuisimulie hadi 1788, na kabla ya kutoka, kila mmoja wetu ajiulize ni nani hayumo katika ushuhuda wake.