KUZIMIKA NA KUZIMWA: HABARI ZA INJINI ZA NDEGE

Ndege ipatapo ajali, mara nyingi waandishi wetu wa habari hutuambia kwamba injini "ilizimika," kisha wakanyamaza. Neno hilo, likitumiwa kwa kila tukio, huficha mengi kuliko linavyoeleza. Wako wanaousingizia umaskini wa lugha. Mimi naona kosa ni la mwandishi, wala si la Kiswahili.

Tuanze na tukio ambalo neno hilo lilistahili. Tarehe 24 Juni 1982, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 iliingia katika majivu ya volkano ya Galunggung, kisiwani Java. Injini zote nne zilizimika. Hapana mtu aliyezizima. Mwako ndio uliokatika. Ndege iliposhuka na kutoka katika majivu, marubani walifaulu kuziwasha tena. Moja ikasumbua mara ya pili, nayo ikazimwa. Katika habari hii fupi mna mambo mawili mbalimbali, na mnyambuliko wa kitenzi kimoja umeyatenga. "Kuzimika" hueleza hali iliyoifika injini, pasipo kudai mtendaji. "Kuzimwa" hudai kwamba mtendaji yuko, hata asipotajwa.

Sasa tutazame ajali ya Kegworth, Uingereza, tarehe 8 Januari 1989. Katika Boeing 737 ya British Midland, mojawapo ya mapanga ya feni ya injini ya kushoto lilivunjika. Marubani, wakidhani kwamba ubovu uko kulia, waliizima injini iliyokuwa nzima. Ile mbovu iliendelea kufanya kazi kwa muda, kisha ikapoteza nguvu ndege ilipokuwa ikikaribia uwanja. Watu 47 walikufa. Mwandishi akisema kwamba "injini zote mbili zilizimika," hakuvunja sarufi, lakini amekifuta kiini cha ajali. Sharti aseme: ya kushoto iliharibika, ya kulia ilizimwa. Kiambishi kimoja tu hutenga ubovu wa chuma na kosa la mwanadamu.

Yuko atakayejibu kwamba kauli ya kutendeka hueleza pia uwezekano, kama tusemapo, "Moto huu hauzimiki." Ni kweli, na katika vitabu vya mafundi yafaa utata huo uepukwe kwa kusema "yaweza kuzimwa." Lakini katika habari ya tukio lililokwisha kupita, maana ya hali ndiyo isikikayo kwanza.

Neno lingine linalostahili lawama ni "matengenezo." Kutengeneza ni kuunda kitu kipya, na pia ni kurekebisha kilichoharibika, nasi tumeliongezea mzigo wa tatu, yaani kukagua na kutunza injini isiyo na kasoro. Msafiri aambiwaye kwamba ndege yake "iko katika matengenezo" hawezi kujua kama imeharibika au inalindwa isiharibike. Napendekeza "ukarabati" kwa kazi ya pili na "matunzo" kwa ya tatu. Yote mawili ni maneno tuliyo nayo.

Majina ya vyombo, kama vile pistoni na tabopropu, na tuyakope bila haya. Ama vitenzi, kabla ya kukaa kitako kutunga vipya, kwanza tuvitumie sawasawa vile tulivyorithi.