Hiyo ni Salamu, si Ladha

Jioni moja Kinna tulikaa mkekani watu wanne, vikombe vitatu mbele yetu, kuonja ititu. Haya ni maziwa ya Waborana: yanagandishwa, yanachujwa maji, kisha yanakaa siku nyingi ndani ya gorfa, chombo kilichofumwa kwa nyuzi za mimea na kufukizwa moshi.

Kikombe cha kwanza kilikuwa cha wiki moja. Cha pili, wiki nne. Cha tatu pia wiki nne, maziwa yaleyale, ila yalikaa kwenye jerikani ya plastiki.

Akko, nyanya ya rafiki yangu, ndiye aliyeyatengeneza yote. Akauliza tunaonaje.

"Yote ni poa," nikasema. "Ladha ya asili kabisa."

"Mjukuu wangu, hiyo ni salamu. Nimekuuliza ladha."

Iliniuma. Niliacha chuo mwaka wa pili, lakini sikuacha tabia ya kule: kitu kikitoka mashinani tunakiita urithi, tunakipigia makofi, na hatukionji. Wapenzi wa divai hawana aibu hiyo. Port ya vintage, kule Ureno, hutangazwa kwa miaka iliyo bora tu, kisha chupa hukaa miongo. Watu huweka ya 1977 kando ya ile ya 1994 na kubishana hadi usiku. Kusema chupa hii imezidiwa na ile si kumtusi mkulima.

Basi nikaonja upya. Cha kwanza kina uchachu wa haraka, unakupiga ulimi halafu unapotea. Cha pili ni kizito, uchachu umetulia, na moshi unakuja mwishoni na kubaki. Cha tatu ni kikali tu, na kinanuka kifuniko.

Akko akaitikia kwa kichwa. Huku nako kuna miaka isiyo na vintage: kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi 2022, mvua zilikosa misimu mitano mfululizo kaskazini mwa Kenya. Maziwa ya kuweka yangetoka wapi?

Simlaumu mama anayenunua jerikani. Ni nyepesi na inapatikana dukani. Lakini kufuma gorfa ni kazi ya siku nyingi. Nani ataifuma kama sisi wanywaji tunasema vyote ni sawa?

Kikombe cha tatu sikukimaliza. Nilimwambia Akko kwa nini, na hakukasirika. Aliniongezea cha pili.