Hesabu ya Maiti: Kukisoma Kitabu cha Tauni cha Defoe Baada ya Korona

Sisi tunaoishi mashariki ya London, na tuko wengi, tuna kitabu kimoja cha Kiingereza kinachozungumzia mitaa yetu hasa: Aldgate, Whitechapel, Stepney, Wapping, mpaka Walthamstow. Kinaitwa A Journal of the Plague Year, yaani shajara ya mwaka wa tauni, na mwandishi wake ni Daniel Defoe, yule yule wa Robinson Crusoe. Kilitoka mwaka 1722, na kinasimulia tauni iliyoishukia London mwaka 1665. Korona ilipoingia mwaka 2020 kitabu hiki kilirudi mikononi mwa watu, na kila aliyekisoma alistaajabu jinsi mambo yanavyofanana: milango kufungwa, biashara kulala, matapeli kuuza dawa za uwongo, watu kupishana njiani kwa woga.

Huo ufanano hauna haja ya kusemwa tena. Tunalotaka kulitazama sisi ni jengine. Defoe anaeleza vizuri kuliko mwandishi yeyote tunayemjua kwa nini watu husema uwongo juu ya maiti wao. Lakini likija suala la nani anakufa badala ya nani, anatuonyesha jambo ambalo yeye mwenyewe hataki kulitazama.

Kwanza ieleweke kuwa hii si shajara ya kweli. Mwaka 1665 Defoe alikuwa mtoto wa miaka kama mitano. Msimulizi anajiita H.F., kapera, mtengenezaji wa matandiko ya farasi, mkaazi wa Aldgate. Na Defoe alikuwa na ami yake, Henry Foe, mwenye kazi hiyo hiyo na mtaa huo huo. Kitabu kiliandikwa kwa sababu tauni ilikuwa imepiga Marseille mwaka 1720, serikali ya Uingereza ikatunga sheria kali za karantini, na watu wakawa wanabishana. Kwa hivyo ndani ya hadithi mna siasa, tena nyingi.

Kinaanza na hesabu. Mwishoni mwa mwaka 1664 watu wawili wanakufa karibu na Drury Lane. Jamaa wa nyumba ile wanajaribu kuficha, fununu zinatoka, madaktari wanatumwa kuangalia maiti, na orodha ya vifo ya wiki ile inachapishwa: tauni, 2. Baada ya hapo kimya. Lakini H.F. ananunua orodha kila wiki, na anaona kuwa parokia ya St Giles inazika watu wengi kuliko kawaida yake, ingawa sababu zilizoandikwa ni homa ya madoadoa na maradhi mengine. Hamtukani mtu wala hamwiti mtu mwongo. Anaweka idadi ya wiki hii karibu na idadi ya wiki za kawaida, na msomaji anafahamu mwenyewe. Kurasa hizi ni kavu, wengine huziruka. Kwetu sisi ndizo bora kuliko hata zile za shimo kubwa la Aldgate, ambako maiti wanamwagwa usiku kwa mikokoteni.

Na kwa nini watu wafiche? Kwa sababu nyumba ikionekana na mgonjwa ilifungwa mwezi mzima na wote waliomo, wazima kwa wagonjwa. Mlangoni ulichorwa msalaba mwekundu, na walinzi wakawekwa usiku na mchana. Mzazi aliyefiwa na mtoto mmoja alikuwa anachagua: aseme kweli afungiwe na watoto waliobaki, au amtie kitu mkononi yule kikongwe aliyetumwa kukagua maiti, aandikwe kuwa amekufa kwa homa. Defoe hamlaumu sana mzazi huyo. Analaumu amri, na anarudi kwenye lawama hiyo mara kwa mara, pengine kupita kiasi, kwa kutoa kisa baada ya kisa cha watu waliotoroka kwa kupitia madirishani na juu ya paa.

Hapo ndipo tulipokumbuka nyumbani. Mwaka 2020 Tanzania ilitoa hesabu ya wagonjwa 509 na vifo 21, kisha ikaacha kutoa, mpaka mwaka uliofuata chini ya Rais Samia. Katika muda huo watu hawakuacha kufa. Walikufa kwa nimonia, au kwa "changamoto ya kupumua", maneno ambayo kila mtu alijua kuyasoma. Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, alifariki tarehe 17 Februari 2021, na chama chake kilikuwa kimekwisha kutangaza wazi kwamba ameambukizwa korona. Na uwazi ule, katika siku zile, ulikuwa ni ushujaa. Sisi tulio nje tukawa tunahesabu kama anavyohesabu H.F., ila orodha yetu ilikuwa ni rambirambi zinazoingia katika simu: wiki hii tatu, wiki ile saba, na mbili za nyumba moja. Tofauti ni kwamba London ya 1665 ilikuwa na orodha, hata ikiwa imechafuliwa, na mtu yeyote aliweza kuinunua na kuigomba. Orodha za mwaka ule zilihesabu vifo 68,596 vya tauni. Wanahistoria wanakisia kuwa waliokufa walifika kama 100,000, na wanaweza kukisia kwa sababu karatasi zile zipo. Atakayetaka kuandika habari za Dar es Salaam au Unguja za miezi ile ataanzia wapi? Labda katika simu zetu, kama hatujazibadilisha.

Kuna pahala pengine ambapo msomaji wa pwani lazima asimame. H.F. anasitasita: ahame au abaki? Kaka yake, mfanyabiashara aliyewahi kuishi ng'ambo, anamhimiza akimbie, na anampa mfano wa Waturuki na Waislamu wa Asia, ambao eti kwa kuamini kuwa kila kitu kimeandikwa huingia penye maradhi bila ya kujali, wakafa kwa maelfu kila wiki. Kila mtoto wa chuoni kwetu amesikia hadithi ya Mtume inayokataza kuingia nchi yenye tauni, na kutoka nchi hiyo kama umo ndani yake. Na Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuwa tauni imeshuka huko, aligeuza msafara; Abu Ubayda alipomuuliza kama anakimbia kadari ya Mungu, jibu lake lilikuwa kwamba anatoka katika kadari anaingia katika kadari. Kumbe hiyo karantini ina mizizi kwetu pia. Kinachochekesha ni kwamba H.F. mwenyewe, Mkristo mwenye akili zake, anaamua kubaki baada ya kufungua Biblia ovyo na jicho lake kuangukia Zaburi ya 91. Kwetu tungesema amepiga fali. Na baadaye anakiri kuwa dawa bora ya tauni ni kukimbia. Hapa Defoe anamcheza shere msimulizi wake, au hakuona kinyume hicho? Tunaelekea kuamini kuwa aliona.

Lakini hatuna hakika kuwa aliona na hili. H.F. anateuliwa kuwa mkaguzi wa nyumba za wagonjwa katika mtaa wake, kazi ya miezi miwili. Anaiogopa, na ana haki. Haifiki hata wiki ya nne anampa mtu mwengine pesa kidogo ashike nafasi yake. Sentensi moja tu, kisha anaendelea na mengine. Jina la mtu huyo hatuambiwi, wala kama alipona. Mahala pengine anasema maskini walichukua kila kazi ya hatari, kuuguza, kubeba maiti, kulinda milango, na anauita huo ushujaa wa kijinga, ilhali yeye mwenyewe ameeleza kuwa mabwana zao wamekimbia na kuwaacha bila ya mshahara. Na pahala pabaya kabisa ni pale anapopiga hesabu kuwa tauni iliondoa maskini elfu thalathini au arubaini ambao, wangelibaki, wangelikuwa mzigo usiochukulika. Anasema hivyo kwa sauti ile ile ya upole anayotumia kumsikitikia mwendesha mashua wa Blackwall anayeacha chakula juu ya jiwe kwa ajili ya mkewe.

Tusiseme hayo ni ya kale. Takwimu zilizotolewa Mei 2020 zilionyesha kuwa Newham, ambako wengi wetu tumepanga, ilikuwa na kiwango kikubwa kuliko wilaya zote za Uingereza na Wales: vifo 144 kwa kila watu 100,000. Mwezi huo huo zikatoka hesabu za kazi, na waliokufa zaidi miongoni mwa wanaume walikuwa pamoja na walinzi, madereva wa teksi na wa mabasi. Hizo ni kazi zetu. Mwaka 1665 Mfalme alihamia Oxford na baraza lake. Safari hii wakubwa walibaki mjini, wakafanya karamu, na Waziri Mkuu akatozwa faini mwaka 2022.

Juu ya maumbile Defoe hana mengi, na si kosa lake. Anataja amri ya kuua mbwa na paka, na anasikia kuwa waliuawa mbwa elfu arubaini na paka mara tano ya hao. Panya nao walitiliwa sumu. Vijidudu vya tauni vilijulikana mwaka 1894 huko Hong Kong, na mwaka 1898 ikafahamika kuwa viroboto wa panya ndio wachukuzi. Basi London ilikuwa inaua paka, adui wa panya, kwa amri ya serikali. Ajabu ni kuwa jambo analolisisitiza H.F. kuliko yote, kwamba hatari iko kwa mtu anayeonekana mzima, lafaa zaidi kwa korona kuliko tauni ile.

Kuna noti fupi karibu na mwisho wa kitabu, rahisi kuipita. H.F. anataja makaburi yaliyokuwa karibu na mtaa wa Old Bethlem, na noti inasema kuwa mwandishi wa shajara hii amezikwa hapo hapo, kwa kutaka kwake, alipozikwa dada yake. Mtaa huo leo ni Liverpool Street. Walipochimba reli mpya mwaka 2015 walitoa mifupa ya watu zaidi ya 3,000, na mwaka 2016 meno ya baadhi yao yakatoa vinasaba vya tauni. Reli ilifunguliwa mwaka 2022. Wenye zamu ya alfajiri tunapita hapo kila siku.