Koili ikivaa barafu Kaloleni

Mashine ya kukausha hewa ni friji iliyovuliwa mlango: kompresa, gesi, koili ya baridi, koili ya joto, na feni inayopitisha hewa ya chumba kwenye koili zote mbili. Ndiyo maana ikigoma hapa Kaloleni, Kisumu, anayeitwa ni fundi wa friji. Mitambo anaijua. Kinachoweza kumpotosha ni kitabu cha maelekezo.

Vitabu vingi huandikwa vikilenga vyumba vya chini ya ardhi vya Ulaya na Marekani. Huko, chumba kikishuka chini ya nyuzi 18 hivi, barafu kwenye koili haishangazi. Mashine husimamisha kompresa ili iyeyuke, kisha huendelea. Kisumu mchana joto hukaribia nyuzi 30. Barafu ikionekana hapa, kuna hitilafu.

Washukiwa wakuu ni wawili: hewa haipiti vizuri, au gesi imepungua. Barafu yenyewe humtaja mhusika. Ikitanda koili nzima, tazama hewa: filta imeziba vumbi, au feni inazunguka kivivu. Osha filta kwa maji na sabuni, ikauke kabisa; koili isugue kwa brashi laini ukifuata mistari ya mapezi yake. Lakini barafu ikishika pale gesi inapoingilia tu, na sehemu iliyobaki ikawa kavu na vuguvugu, gesi ni pungufu.

Gesi haiishi kwa kutumika; ikipungua, imevuja. Anayeongeza bila kutafuta tundu atarudi kulipwa tena. Povu la sabuni kwenye maungio huonyesha panapovuja. Baada ya kuziba, mfumo hunyonywa hewa yote, kisha gesi hupimwa kwa mizani kulingana na gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko. Kibandiko kikisema R-290, hiyo ni propani, nayo hushika moto: iondolewe nje, penye hewa, kabla ya kuwasha kichomeleo.

Kompresa ikinguruma kidogo kisha ikakata, anza na kapasita. Chomoa plagi, ondoa chaji iliyobaki, pima kwa mita. Ikiwa imeshuka chini sana ya mikrofaradi zilizoandikwa ubavuni, badilisha. Stima ikipotea na kurudi, subiri dakika tano kabla ya kuwasha, shinikizo la gesi lisawazike; bila hivyo kompresa huanza na mzigo mzito na kupata moto.

Kabla ya kumlipa fundi, funga madirisha na matundu ya ukutani, uiache mashine ifanye kazi. Hewa ya nyuzi 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke kwa kila mita ya ujazo. Ya nyuzi 20 hubeba 17 tu. Kwa joto na unyevu wa huku ziwani, mashine nzima haina kisingizio cha kuacha ndoo tupu.